Kazi na Haki katika Mwambao wa Rumonge

Sheria zinazokataza ubaguzi na unyanyasaji kazini nchini Burundi zina historia ya zaidi ya karne moja, na sehemu kubwa ya historia hiyo inaonekana wazi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Magara na Minago hadi Rumonge, Kigwena na Nyanza-Lac. Katika ukanda huo mwembamba kati ya maji na milima ya Mirwa wamepita wapagazi wa misafara, watumwa, wakulima wa pamba wa kulazimishwa, wakamua mawese, wavuvi wa ndagala na makarani wa serikali. Kila zama zilikuwa na sheria yake ya kazi, na kila sheria iliamua kwanza nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi kabla ya kuamua haki zake. Kwa muda mrefu jibu la swali hilo la kwanza ndilo lililokuwa ubaguzi wenyewe.

Katika karne ya 19 mwambao huu ulifungamana na Ujiji kuliko ulivyofungamana na milima ya bara. Mpagazi huru aliajiriwa kwa posho na doti za nguo, akiwa na nafasi ya kukataa safari au kudai nyongeza. Mtumwa hakuwa na nafasi hiyo. Uchungu wa tofauti hiyo ulijitokeza Rumonge yenyewe: Mapadre Weupe walifungua misheni hapo mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao, mapadre Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao d'Hoop, waliuawa katika ugomvi juu ya mtoto mmoja aliyekuwa mikononi mwa misheni huku watu wa chifu Bikari wakimdai kuwa wao. Baadaye Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alitawala biashara ya mwambao akitokea Ujiji na kujaribu kuingia Burundi kwa nguvu, akazuiwa na majeshi ya mwami, yaani mfalme.

Bara nako hakukuwa na usawa. Chini ya desturi ya ubugererwa, mtu asiye na ardhi alipewa kipande na mwenye mali, naye akalipa kwa kazi ya mikono na zawadi mwaka baada ya mwaka, yeye na watoto wake. Alikuwa huru kwa jina, ila shamba, nyumba na kesho yake vilitegemea radhi ya mwenye ardhi. Batwa walisukumwa pembeni zaidi, wakabaki na ufinyanzi na kazi ambazo wengine walizidharau.

Sheria ya kwanza ya kazi iliyoandikwa na kufika mwambaoni ilikuwa ya Wajerumani, nayo ilikuwa sheria ya adhabu. Amri ya Kansela ya tarehe 22 Aprili 1896 kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani ilimruhusu mwajiri kumpeleka mfanyakazi Mwafrika kwa afisa wa serikali ili achapwe au afungwe minyororo kwa uvivu, utovu wa utii au kuacha kazi bila sababu. Viboko visizidi 25 kwa mara moja. Wanawake hawakutakiwa kuchapwa, na Waarabu na Wahindi nao waliondolewa kabisa katika adhabu hiyo. Amri hiyo yafaa kusomwa polepole, kwa kuwa mpango mzima wa enzi ile umo ndani yake: kosa ni lile lile la kazini, lakini rangi ya mkosaji ndiyo iliyoamua kama mgongo wake utaguswa. Utumwa wenyewe Wajerumani hawakuufuta. Mwaka 1904 walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru.

Wabelgiji waliingia Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1916, na baadaye wakapewa Ruanda-Urundi na Umoja wa Mataifa wa wakati ule kama nchi ya udhamini. Masharti ya udhamini yalikataza kazi ya kulazimishwa isipokuwa kwa shughuli muhimu za umma, tena kwa malipo ya haki. Kilichotendeka kilikuwa kingine. Barabara zilichimbwa kwa akazi, kazi ambayo mwanakijiji aliitwa kuifanya bila kuulizwa. Katika tambarare ya Imbo kilimo cha pamba kilikuwa cha lazima, na chifu aliyeshindwa kutimiza kiasi kilichotakiwa aliwageukia watu wake kwa kiboko. Sheria ya Kongo ya tarehe 16 Machi 1922 kuhusu mkataba wa kazi iliweka tofauti kati ya mwajiri "mstaarabu" na mfanyakazi "mwenyeji", na mwenyeji aliyevunja mkataba hakudaiwa fidia tu, bali alihukumiwa kama mhalifu. Maelfu ya Warundi walijibu kwa miguu yao. Walivuka kwenda Uganda kwenye mashamba ya Waganda, au Tanganyika kwenye mkonge, wakawa manamba huko kwa sababu ujira wa ugenini ulikuwa afadhali kuliko kazi ya bure nyumbani.

Ubaguzi mwingine wa enzi hiyo ulifanyika kimya zaidi, kupitia shule na uteuzi. Shule ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929, ndiyo iliyozalisha makarani, watabibu na wasaidizi wa utawala, na ilichukua zaidi watoto wa machifu. Mwaka huo huo wa 1929 bado kulikuwa na machifu Wahutu Burundi. Kufikia mwaka 1945 hakubaki hata mmoja. Waswahili wa Rumonge, Nyanza-Lac na vitongoji vya Usumbura walikutana na mlango mwingine uliofungwa: elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu ambaye wazazi hawakutaka abatizwe alikuwa na nafasi ndogo ya kufika darasa la kumfanya karani. Jamii hiyo ikabaki katika biashara, uvuvi, ushonaji na udereva. Baadaye wengine walisema hizo ndizo kazi wanazozipenda Waswahili, wakasahau kwamba nyingine walizuiwa kuzifikia.

Baada ya vita vya pili vya dunia, Ruanda-Urundi iliwekwa chini ya Umoja wa Mataifa mpya, na wajumbe wake walipozuru nchi waliuliza mara kwa mara juu ya kiboko na juu ya mishahara ya watu weupe na weusi. Kiboko kiliondolewa katika miaka ya 1950. Mwaka 1959 ukaja mfumo mmoja wa utumishi wa serikali kwa Waafrika na Wazungu, badala ya ule wa zamani uliowatenga kwa rangi. Wakati huo Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore alikuwa amekwisha kuwakusanya wafanyabiashara Waafrika, Waswahili wengi wakiwamo, katika ushirika wa mwaka 1957, kwa lengo la kuvunja ukiritimba wa wageni katika biashara. Mitaa ya Waswahili ilikipa chama chake cha UPRONA nguvu kubwa. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, chini ya mwezi mmoja baada ya kushinda uchaguzi.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ikaingia Shirika la Kazi Duniani tarehe 11 Machi 1963, na siku hiyo hiyo ikajifunga na mikataba miwili dhidi ya kazi ya kulazimishwa, ule wa mwaka 1930 na ule wa 1957. Kwa nchi iliyotoka kwenye akazi, huo ulikuwa mwanzo mwafaka. Kanuni ya Kazi ya kwanza ya taifa huru ilitolewa tarehe 2 Juni 1966, katika mwaka ambao nchi iliongozwa na wafalme wawili, baba na mwanawe, kisha ikawa jamhuri tarehe 28 Novemba. Kanuni hiyo iliwaweka waajiriwa wote chini ya sheria moja bila kujali rangi. Hata hivyo, ubaguzi ambao ungeiumiza Burundi kuliko mwingine wote ulikuwa unakua ndani ya ofisi na kambi za jeshi, kati ya Warundi wenyewe.

Mwambao wa kusini ndiko moto ulikowaka. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo jirani, wakaua Watutsi na maafisa wa serikali. Serikali ya Rais Micombero ilijibu nchi nzima kwa mauaji ya Wahutu, hasa waliosoma, na idadi ya waliouawa hukadiriwa kati ya 100,000 na 300,000. Katika historia ya kazi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu wengi walikamatwa mahali pa kazi. Walimu walichukuliwa shuleni, makarani ofisini, wafanyakazi wa benki kwenye meza zao, wanafunzi wa chuo kikuu kwenye mabweni. Orodha ya mishahara iligeuka orodha ya kukamatia watu. Baada ya hapo, kwa miaka zaidi ya 15, Mhutu mwenye elimu alikuwa adimu katika ngazi za juu za utumishi wa umma, na hakuna tangazo la kazi lililohitaji kutaja kabila ili watu waelewe.

Waliokimbia Imbo walivuka ziwa na mpaka kwenda Tanzania, wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao ardhi yao iligawiwa wengine, na sehemu yake ikaingizwa katika mashamba ya michikichi ambayo serikali iliyaendeleza kuzunguka Rumonge katika miaka ya 1970 na 1980. Kwa hiyo swali la nani anaajiriwa kwenye michikichi na nani ana haki ya kuvuna chikichi halikuweza kutengana na swali la nani alifukuzwa. Kesi za ardhi hiyo zimezijaza mahakama na tume za Rumonge tangu wakimbizi walipoanza kurejea. Katika kipindi hicho hicho kulifanyika jambo moja jema lisilosemwa sana: amri-sheria ya tarehe 30 Juni 1977 ilifuta ubugererwa, na mgererwa akaacha kuwa mtumishi wa kurithi.

Kipindi cha wiki chache za mwaka 1993 kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Melchior Ndadaye alishinda uchaguzi wa rais tarehe 1 Juni. Tarehe 25 Juni, kabla hajaapishwa, Burundi iliridhia Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu malipo sawa na Mkataba namba 111 dhidi ya ubaguzi katika ajira, ambao ulikuwa unatimiza miaka 35 kamili siku hiyo tangu upitishwe Geneva. Tarehe 7 Julai, siku tatu kabla ya kukabidhi madaraka, serikali iliyokuwa inaondoka ilitia saini Kanuni mpya ya Kazi. Ndani yake mlikuwa na katazo la wazi la ubaguzi katika ajira kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa na asili ya kijamii. Msingi wa kisheria ambao mfanyakazi Mrundi alikuwa ameukosa kwa miaka 30 uliwekwa ndani ya siku 13. Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba mwaka huo, na vita vilivyofuata viliifanya kanuni hiyo ibaki kwenye karatasi mahali pengi, Rumonge ikiwamo.

Kanuni ya 1993 ilikuwa pia na kasoro yake. Mshahara ulitakiwa kuwa sawa kwa wote ikiwa hali ya kazi, ujuzi na ufanisi ni sawa. Yaani ulinganisho uliishia kwa watu wanaofanya kazi ya aina moja. Mkataba namba 100 unadai zaidi ya hapo: malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa hata kama ni kazi tofauti. Tofauti hiyo ndiyo inayowahusu wanawake wengi. Katika karakana za mawese za Rumonge, kwa mfano, mara nyingi wanaume ndio wanaozungusha kinu na kubeba mapipa, na wanawake ndio wanaochambua chikichi, kuchemsha na kubangua mise. Sheria inayolinganisha mzungusha kinu na mzungusha kinu mwenzake tu haimfikii mwanamke huyo kamwe. Kamati ya wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani imeikumbusha Burundi jambo hilo mara kadhaa, na ina haki kabisa kufanya hivyo.

Ubaguzi mwingine uliandikwa na serikali yenyewe katika kima cha chini cha mshahara. Viwango vilivyowekwa mwaka 1988 vilikuwa faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko. Mkazi wa Rumonge, umbali wa kilomita 70 hivi kutoka Bujumbura, alihesabiwa kuwa wa faranga 105. Viwango hivyo vimekaa miongo kadhaa bila kubadilishwa, hadi vikakosa maana sokoni. Kwa vitendo mfanyakazi asiye na ujuzi amebaki bila sakafu yoyote chini yake.

Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ulikiri wazi kwamba kutengwa kwa watu katika madaraka, elimu na kazi ni sehemu ya chanzo cha vita. Kutoka hapo ikaja Katiba ya tarehe 18 Machi 2005. Ilikataza kumbagua mtu kwa asili, rangi, kabila, jinsia, lugha, dini, msimamo wa kisiasa, ulemavu, au kwa kuwa ana virusi vya UKIMWI au ugonjwa mwingine usiotibika. Iliweka pia viwango: serikalini Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na jeshini kabila moja lisizidi nusu. Katiba ya mwaka 2018 iliendeleza mpango huo. Viwango hivi vimelalamikiwa kwamba vinaendelea kuhesabu watu kwa kabila, na hoja hiyo si nyepesi. Lakini katika nchi ambayo mwaka 1972 ilitumia orodha za ofisi kuua, kuhesabu watu hadharani ili wagawane kazi ni bora kuliko kuwahesabu kimyakimya ili kuwatenga. Mwaka huo huo wa 2005, tarehe 12 Mei, ilitoka pia sheria maalumu ya kuwalinda watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwa miji ya bandari na mialo ya wavuvi, ambako watu huhamahama kufuata samaki, sheria hiyo iligusa maisha ya wengi.

Unyanyasaji wa kingono ulichelewa zaidi kupata jina katika sheria. Kabla ya mwaka 2009 mwanamke aliyeombwa rushwa ya ngono na msimamizi wake hakuwa na kosa mahususi la kulishtakia. Kanuni ya Adhabu ya tarehe 22 Aprili 2009, ile iliyofuta adhabu ya kifo, ndiyo iliyolitaja: ni kosa kutumia vitisho, amri au shinikizo ili kupata ngono kutoka kwa mtu mwingine. Adhabu yake iliwekwa kuwa faini au kifungo cha kuanzia mwezi mmoja hadi miaka miwili, ikiongezwa maradufu ikiwa aliyeonewa hajatimiza miaka 18. Sheria ya tarehe 22 Septemba 2016 dhidi ya ukatili wa kijinsia iliongeza kwamba makosa hayo hayasamehewi, na kwamba polisi au hakimu anayeyaficha ataadhibiwa vikali zaidi. Kifungu hicho cha mwisho kina busara ya uzoefu: kesi nyingi za aina hii zilikuwa zinafia kwenye meza ya yule aliyetakiwa kuziandika.

Kanuni ya Kazi inayotumika sasa ni sheria namba 1/11 ya tarehe 24 Novemba 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1993. Inakataza ubaguzi, na inaliingiza suala la unyanyasaji ndani ya sheria ya kazi yenyewe, si katika sheria ya jinai peke yake. Kwa mfanyakazi hiyo ni tofauti kubwa. Katika kesi ya jinai yeye ni shahidi katika shauri la serikali, na mwisho wake ni kifungo cha mkosaji. Katika kesi ya kazi yeye ndiye mdai, na anaweza kudai fidia au kupinga kuachishwa. Shauri la kazi kwa kawaida huanza kwa inspekta wa kazi, ambaye huziita pande zote mbili na kujaribu kuzipatanisha, na upatanisho ukishindikana ndipo huenda mahakamani. Njia hiyo ni nafuu na haihitaji wakili hatua ya kwanza. Ugumu wake ni ushahidi: mkataba, barua, hati ya malipo, mwenzako aliyesikia na aliye tayari kusema. Lugha nayo ni kizuizi, kwa sababu sheria huandikwa kwa Kifaransa ilhali ugomvi hutokea kwa Kirundi na Kiswahili.

Kwenye mwalo ushahidi wa namna hiyo haupo. Usiku usio na mbalamwezi mitumbwi iliyounganishwa ya katamarani na apolo hutoka na taa kuvuta ndagala juu, kisha alfajiri hurudi. Gharama za mafuta hutolewa kwanza, tajiri wa vyombo huchukua sehemu yake, wavuvi hugawana kilichobaki. Hakuna mshahara, kwa hiyo machoni pa wengi hakuna mwajiri. Pembeni wapo wanawake wanaosubiri kununua ndoo moja au mbili za kuanika, kwenye mchanga au kwenye vichanja vya waya ambavyo vimeanza kuenea mwambaoni. Mwanamke asiye na mtaji hutegemea kukopeshwa mzigo, na anayekopesha ndiye anayechagua. Katika Ziwa Victoria upande wa Kenya hali ya samaki kubadilishwa kwa ngono imejulikana kwa jina la jaboya na kuandikwa sana. Popote samaki wachache wanapogawiwa alfajiri na mwanamume kwa wanawake wengi, hatari ni hiyo hiyo. Kosa la jinai la mwaka 2009 linaweza kumfikia mkopeshaji huyo, kwa sababu halihitaji mkataba wa ajira. Ulinzi wa Kanuni ya Kazi, uliojengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa, humfikia kwa shida sana.

Watumishi wa nyumbani wako katika hali inayofanana na hiyo. Wasichana na wavulana wanaotoka vijiji vya Rumonge kwenda kuwa yaya na mboyi Bujumbura hupatana mshahara kwa mdomo, hulala kwa mwajiri, na wakifukuzwa usiku hawana karatasi ya kuonyesha. Katika miaka ya karibuni safari hiyo imekuwa ndefu zaidi, hadi Oman, Kuwait na Saudi Arabia, na wanawake wa mitaa ya Waswahili wamekuwa miongoni mwa waliotangulia. Mwaka 2021 Burundi ilitia saini na Saudi Arabia makubaliano juu ya watumishi wa nyumbani, ili waende kwa mkataba ulioandikwa na kupitia mawakala wanaotambuliwa. Huko watumishi hao hawamo katika sheria kuu ya kazi, wana kanuni zao pekee, kwa hiyo mkataba anaotia saini msichana kabla ya kupanda ndege ndio silaha yake kubwa ikitokea mshahara ukazuiwa au mkono wa mtu ukamfikia.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inakataza kumbagua mfanyakazi wa nchi mwanachama kwa uraia wake. Kwa Rumonge, bandari inayopokea watu wa Kigoma kila wiki, na tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2022 watu wa Kalemie, Baraka na Uvira pia, kifungu hicho kinahusu mvuvi, fundi wa injini na mpakiaji wa mizigo bandarini sawasawa na kinavyomhusu karani.